Je, Kizuri Hujiuza?

Wazee wetu walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii huandikwa katika vitabu vya shule, hukaririwa na watoto, na hutolewa barazani kila watu wazungumzapo habari za biashara au za ndoa. Ni methali tamu masikioni, na mtu aisikiaye huitikia kwa kichwa. Mimi nami niliikubali tangu utotoni. Na kuikubali kwetu nyumbani kulikaribia kuninyima elimu. Kwa hiyo nakuomba, ewe msomaji, tuitie mizanini leo tuone uzito wake wa kweli. Methali ni mali ya urithi, na mrithi mwenye busara hukagua alichoachiwa kabla ya kukitegemea.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi wa mahamri katika Mji wa Kale wa Mombasa. Unga aliukanda usiku kwa tui la nazi na iliki, akaufunika, ukaumuka hata alfajiri. Na alipotia mafuta motoni, harufu iliamsha mtaa mzima. Hapakuwa na jirani asiyeyasifu mahamri yale. Hata hivyo, kila siku adhuhuri ilipofika, kapu lilikuwa bado na mahamri yaliyosalia, nasi tuliyala jioni kwa chai ya rangi. Tuliona tunakula chakula. Kumbe tulikuwa tunakula mtaji.

Mama alikuwa mwanamke mwenye haya. Kutembeza kitu njiani alikuona ni fedheha, na kumwita mpita njia alikuona ni utovu wa adabu. Akiambiwa habari ya kutembea, hujibu, "Mwenye kutaka atakuja. Kizuri chajiuza." Basi huketi barazani akangoja. Usidhani kwamba alingoja kwa uvivu. Alifagia kibaraza mara tatu kwa siku. Alifua kitambaa cha kapu mpaka kikang'aa. Alisuka kawa jipya la ukili, akalitia rangi nyekundu na nyeusi, na lilipokwisha alianza jingine. Mikono yake haikupumzika tangu usiku hata usiku. Kawa lilikuwa jipya kila mwezi, na deni letu dukani likawa kuukuu.

Nilikuwa kidato cha pili niliporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Siku ya nne ya kukaa kwangu nyumbani, bibi mmoja, jirani yetu, alikuja kununua mahamri mawili. Akanitazama, akalitazama kapu, kisha akamwambia mama kwa upole, "Mwanangu, mahamri yako ni mazuri, lakini hayana miguu. Miguu ni yako wewe." Mama hakujibu. Usiku ule alikanda unga kama kawaida. Lakini kabla ya jua kuchomoza aliniamsha, akanitwika kapu, tukashika njia ya Marikiti.

Palikuwa na mahamali wanaoteremsha magunia, na wachuuzi wa mboga wanaopanga mafungu yao, watu walioanza kazi gizani na matumbo matupu. Mama alimwendea mtu wa kwanza, akafunua kawa, akasema kwa sauti ndogo, "Mahamri ya moto, baba." Yule mtu alikataa hata bila ya kutazama. Nilimwona mama akilifunika kapu, akasimama kimya, na mkono wake ukitetemeka juu ya kawa. Nilidhani tutarudi nyumbani. Mama akavuta pumzi, akamwendea mtu wa pili. Jua lilipotoka kapu lilikuwa tupu, na muhula haujaisha nilikuwa nimerudi darasani.

Sasa fikiri, msomaji. Mahamri ya siku ile yalikuwa yale yale ya siku zote. Iliki haikuzidi, wala tui halikuzidi. Kama kizuri hujiuza, kwa nini hayakujiuza barazani? Na kama kinachotembezwa ni kibaya, je, yaliharibika njiani baina ya mlango wetu na Marikiti? Kilichobadilika ni kimoja tu: mtu mwenye njaa alijulishwa kwamba chakula kipo. Uzuri wa kitu hukaa ndani ya kitu. Lakini habari ya uzuri huo haina budi kuchukuliwa na mtu hata imfikie mtu mwingine. Kitu hakina ulimi.

Hapo ndipo lilipo swali ninalotaka kukuuliza. Mama yangu, katika siku zile za kufagia kibaraza na kusuka makawa, alikuwa mchapa kazi au hakuwa? Jasho lake lilikuwa jasho la kweli. Kazi zake zote zilikuwa halali na safi. Lakini kazi moja, ile iliyoweza kunilipia karo, aliiacha, akaifunika kwa kazi nyingine nyingi kama alivyolifunika kapu kwa kawa. Hakuwa mvivu, alikuwa mwoga. Na woga una hila moja kubwa: hupenda kuvaa nguo za bidii. Mtu mvivu hujulikana, na watu humwonya. Mtu aliyejificha ndani ya shughuli hasifiwi na watu tu, bali hujisifu hata mwenyewe, na kwa hiyo hana wa kumwonya.

Yafaa tutenge maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani shughuli na kazi. Shughuli humaliza siku; kazi huzaa kitu. Mwenye biashara ndogo ana mambo mengi ya kumshughulisha: kibao cha mlangoni, rangi ya ukuta, jina la duka, mpango wa rafu. Leo ana na simu mkononi, akaipiga picha bidhaa yake mara kumi, akachagua picha moja, akaituma, kisha akakaa saa nzima akihesabu watu walioipenda. Hakuna dhambi katika mambo haya. Lakini kupendwa kwa picha si kununuliwa kwa kitu, wala rangi ya ukuta haiulizi bei. Kwa kila jambo afanyalo katika saa za biashara, mwenye biashara ndogo hana budi kujiuliza: Je, jambo hili linanikaribisha kwa mtu mwenye haja na kitu chango, au linanificha naye?

Nawe usicheke, kijana, ukadhani kwamba maradhi haya ni ya wachuuzi peke yao. Nimefundisha miaka mingi, na nimewaona wanafunzi wakichora ratiba za kusoma kwa wino wa rangi nne, kwa mistari iliyonyoka kama uzi, ratiba za kupendeza macho. Siku mbili hupita katika kuichora. Hesabu zile ngumu, ambazo ratiba ilichorwa kwa ajili yake, hubaki katika kitabu bila ya kuguswa. Mwanafunzi huyu na mama wa kawa ni ndugu. Wote wawili wanaogopa kukataliwa. Huyu na swali, yule na mpita njia.

Nilipokuwa mtu mzima nilihamia Nairobi, na huko nilikutana na mtu aliyenifundisha upande wa pili wa jambo hili, yaani upande wa hesabu. Mpwa wangu alikuwa anakwenda shule ya bweni, nami nikaenda Kamukunji kumnunulia sanduku la bati. Wengi wenu mnayajua masanduku yale, kwani huenda lako liko chini ya kitanda chako sasa. Kamukunji ni mahali pa mafundi wa jua kali, na jina hilo walilipata kwa kufanya kazi nje, bila ya paa, juani. Mwaka 1972 taarifa ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya ilieleza kwamba kazi ndogo ndogo za namna hii, ambazo zilikuwa zikidharauliwa na kusumbuliwa, zina tija na zastahili kusaidiwa. Miaka 20 baadaye, katika Waraka wa Bunge Nambari 2 wa 1992, serikali ya Kenya ilitoa sera yake juu ya biashara ndogo na jua kali. Basi kazi hizi si mchezo wa watu waliokosa la kufanya. Ni riziki ya nyumba nyingi katika nchi yetu.

Fundi aliyeniuzia sanduku alikuwa na daftari iliyochakaa mfukoni. Kabla ya kupokea fedha aliniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyekuleta kwangu?" Nikamtaja jirani yangu mmoja. Akaandika. Nikamwuliza sababu, naye akanieleza akiwa bado anapigilia bati.

"Zamani," akasema, "nilipiga nyundo tangu asubuhi hata jioni. Masanduku yakajaa mpaka sina pa kukaa. Nikitaka unga wa watoto, namwita dalali, naye hununua kwa bei aitakayo yeye, kwa kuwa anajua nina shida. Nyundo ilikuwa yangu, faida ilikuwa yake. Nikaona jirani zangu wana vibao, nami nikamlipa mchoraji anitengenezee kibao. Halafu nikaanza kumwuliza kila mnunuzi ni nani aliyemleta. Mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyeniambia ni kibao. Wengi waliletwa na mzazi aliyenunua kwangu zamani. Basi sasa mwezi wa Novemba, kabla ya shule kufunguliwa Januari, nachukua sanduku moja begani, nawaendea wazazi walionunua mwaka uliopita, nauliza kama kufuli bado lafunga vizuri. Likiwa bovu nalitengeneza bure. Hapo hapo huniambia ni mtoto wa nani anayekwenda shule."

Hebu tufanye hesabu kidogo, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme sanduku moja humgharimu fundi shilingi 1,200 kwa bati, rangi na vifaa vingine, naye huliuza kwa shilingi 2,000. Akitengeneza masanduku 10 kwa juma na kuuza 4, ametoa shilingi 12,000 na amepata shilingi 8,000. Amefanya kazi juma zima kwa bidii, na mfukoni amepungukiwa na shilingi 4,000, ilhali masanduku 6 yanangoja kutu. Sasa tuseme ametengeneza 6 tu, na saa alizookoa akazitumia kuwatafuta wanunuzi, akayauza yote 6. Ametoa shilingi 7,200, amepata shilingi 12,000, na zimebaki shilingi 4,800. Katika juma la pili nyundo imelia kidogo kuliko juma la kwanza, na nyumbani pamepikwa zaidi. Hapa twaona kwamba wingi wa jasho na wingi wa riziki ni vitu viwili, na kwamba saa za mtu mdogo ni mtaji wake wa kwanza, kabla hata ya fedha.

Tena angalia daftari ile. Watu husema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mara nyingi hufikiri juu ya fedha peke yake. Fundi huyu aliona kwamba juhudi nazo hupotea bila habari. Hakusema kwamba vibao ni vibaya. Kwa muuza dawa au kinyozi huenda kibao ni jambo la lazima. Aliuliza tu, akaandika, akafuata kile alichokiona. Mtu asiyeuliza hufanya lile analolipenda, kisha huliita lile linalofaa.

Lakini sasa nasikia sauti yako, msomaji mwenye dhamiri, ikinipinga. Wasema: Je, ukitufundisha kuwaendea watu kwa ajili ya fedha zao, hutufundishi tamaa? Je, wale wazee waliotunga methali ile walikuwa wajinga?

La, hawakuwa wajinga. Nusu ya pili ya methali yao ina hekima kubwa, nayo imetoka katika uzoefu wa machungu. Walimwona mtu mwenye kitu kibaya jinsi anavyopiga kelele. Sokoni wamo watu wa namna hiyo hata leo. Yuko fundi achukuaye bati jembamba mno, akalipaka rangi nzito ya kupendeza ili jicho lisione wembamba wake. Yuko mwuza nafaka ambaye kibaba chake kimebonyezwa chini, na kila pishi aipimayo ina vibaba vinne kwa jina, na pungufu kwa mkono. Watu hawa wana sauti kubwa kwa sababu kitu chao hakiwezi kusema kweli. Kwao kuuza ni kumziba mtu macho. Mnunuzi aliyepatikana kwa uongo hupatikana mara moja, naye huondoka na hadithi ambayo ataisimulia kwa watu wengi. Fundi wangu wa Kamukunji asingeweza kurudi Novemba katika nyumba alikouza bati jembamba. Ukweli ndio uliompa njia ya kurudi.

Nchi yetu imelitia jambo hili katika sheria iliyo juu ya sheria zote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa habari zimwezeshazo kunufaika nazo. Ibara hiyo hiyo yalitaka Bunge litunge sheria ya kuwalinda wanunuzi, na ya kuhakikisha kwamba matangazo ni ya haki, ya kweli na ya adabu. Tafakari maneno hayo. Katiba haikukataza kutangaza. Ilimpa mnunuzi haki ya kujulishwa. Na palipo na haki ya kujulishwa pana wajibu wa kujulisha. Mtu mwenye kitu chema akanyamaza, anamwachia uwanja mwenye kitu kibaya, na mnunuzi aliyedanganywa atakuwa amedanganywa na mmoja kwa maneno, na kuachwa na mwingine kwa kimya.

Kwa hiyo tamaa haimo katika kumwendea mtu. Tamaa huonekana pale mtu anapokataa nawe hutaki kukubali kukataa kwake. Pale unapomwuzia asiyekuwa na haja, au unapomficha kasoro. Kumwambia mtu kweli juu ya kitu, kisha kumwachia uhuru wa kusema ndiyo au la, ni heshima kubwa kwake. Yule hamali wa kwanza wa Marikiti alikuwa na haki ya kukataa mahamri ya mama yangu. Mama hakuwa na haki ya kumkatalia kabla hajamwuliza; na barazani, miaka yote ile, ndivyo alivyofanya. Aliwakatalia watu wote kwa niaba yao.

Pana onyo moja ambalo sitaki ulisahau. Mizani hii niliyokupa ni ya saa za biashara. Usipimie maisha yako yote. Mtu ambaye kila amwonapo rafiki huona mnunuzi, na kila aingiapo msibani huingia na bidhaa, huyo amepata wateja na kupoteza watu. Kumtembelea mgonjwa hakuleti fedha, kumfundisha mdogo wako kusoma hakuleti fedha, na kulala usingizi wa haki hakuleti fedha. Lakini mambo hayo ndiyo fedha hutafutwa kwa ajili yake. Mama aliuza mahamri ili mimi nisome. Angaliuza hata wakati wa kunisikiliza nisomapo, angalikuwa amefanya biashara ya hasara. Hii ni sababu nyingine ya kuzitumia vyema saa za kazi: azitumiaye vyema humaliza mapema, akarudi nyumbani kwa watu wake.

Huko Mombasa, saa za jioni, utamwona muuza kahawa akipita vichochoroni. Mkono mmoja umebeba dele lake, na makaa yake chini. Mkono wa pili umeshika vikombe vidogo, naye huvigonganisha akienda, vikalia kwa mlio mwembamba unaosikika mbali. Hasemi kwamba kahawa yake yashinda kahawa zote za pwani. Hamshiki mtu nguo. Vikombe vyasema neno moja tu: kahawa ipo. Mwenye kiu hutoka mlangoni, na asiye na kiu huendelea na mazungumzo yake, wala hapana aliyeudhika. Kama kahawa ni mbaya, kesho mlio ule ule utapita na milango itabaki imefungwa.

Nawe, kijana, utamaliza shule, na wengi wenu hamtaajiriwa na mtu. Mtajiajiri wenyewe kwa mikono na akili zenu. Tengeneza kitu chema kwanza, maana bila hicho huna la kusema. Kisha usikifunike kwa kawa. Ukiona siku imekwisha, umechoka sana, na hapana mtu hata mmoja uliyemfikia, jiulize kwa upole ulikuwa umejificha nini. Na atakapokukataa mtu wa kwanza, kama atakavyokukataa, mkumbuke mwanamke mwenye haya aliyesimama Marikiti gizani, akavuta pumzi, akamwendea mtu wa pili.